Nyumba Isiyokwisha Kujengwa

Mvua za mwisho zikikatika kwenye bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kati ya mwezi wa tano na wa sita, Sange huingia kwenye kazi ambayo hakuna redio inayoitangaza. Udongo unachimbwa nyuma ya nyumba. Bidoni za njano zinapangwa mstari kwenye bomba. Watoto wanaambiwa wavue viatu. Nyumba nyingi za huku ni za miti na udongo, au za matofali mabichi yaliyoanikwa juani, na msimu mzima wa mvua haupiti bila kuchukua chake: kona imeliwa, mguu wa ukuta umechimbika, sakafu imeota mabonde. Basi mwenye nyumba anaanza upya. Mwaka jana alianza upya, na mwakani, Mungu akimjalia uzima, ataanza tena.

Nataka kuitetea kazi hiyo, kwa sababu naisikia ikisemwa vibaya kila upande. Kijana aliyekaa Bukavu au Bujumbura akirudi humwonea mama yake huruma: "Mama, utakanda udongo mpaka lini?" Kwake yeye kukarabati ni alama ya umaskini, na nyumba hasa ni ile ya kudumu, ya simenti na matofali ya kuchoma, ambayo fundi akishakukabidhi mmemalizana. Mwingine, aliyechoshwa na vita, husema neno zito zaidi: ya nini kusiriba ukuta ambao kesho nitaukimbia? Wote wawili wana sababu zao, na sitazidharau. Ila naona wamekutana kwenye kosa moja. Wanaichukua kazi isiyoisha kuwa ni kazi iliyoshindikana. Mimi naamini furaha ya nyumba imo humohumo, katika kutoisha kwake, na kwamba watu wa Sange wanayo imani ambayo haijapata kuhubiriwa vya kutosha kwa sababu inafanywa kwa mikono yenye tope.

Asiyewahi kuifanya hudhani ni kupaka udongo tu. Fundi, na fundi hapa mara nyingi ni mama mwenye nyumba, huanza kwa kuchagua. Udongo wa kichuguu ndio unaopendwa, maana mchwa wameshauchambua na kuushikamanisha. Mchanga ukizidi ukuta hupukutika, mfinyanzi ukizidi ukuta hupasuka, kwa hiyo huchanganywa mpaka mkono uridhike. Nyasi kavu hukatwakatwa vipande vifupi na kutupwa ndani, maji humwagwa kidogo kidogo, halafu miguu inaingia. Watoto hukanyaga, huimba, husukumana, mpaka udongo unaanza kunata kwenye nyayo. Unaachwa ulale. Asubuhi donge huviringishwa kiganjani na kuinuliwa kwa ncha moja. Lisipokatika, kazi inaanza. Tabaka la kwanza hupigwa kwa nguvu kwenye fito ili lipenye hadi ndani. Likikauka hupasuka, na ni vizuri lipasuke, kwa sababu nyufa hizo ndizo zitakazolishika tabaka la pili, lile jepesi lenye mavi ya ng'ombe na jivu, linalosawazishwa kwa kiganja kilicholowa. Pita hapo jioni, jua likiwa limelala upande wa milima: utaona ukuta mzima una miduara ya vidole, mikubwa ya mama, midogo ya wajukuu waliofikia mpaka pale urefu wao ulipoishia.

Mahali panapougua kuliko pote ni mguu wa ukuta. Matone yanayodondoka kutoka ukingo wa paa hupiga ardhi na kurusha tope, na tope hilo huula ukuta kutoka chini huku wewe ukitazama juu. Ndiyo maana wenye akili hurefusha paa, hujenga kibaraza kidogo cha mawe kuzunguka nyumba, huchimba mfereji. Kisha kuna mchwa. Kila wiki lazima mtu apite na fimbo akikwangua vijia vyao vyembamba vinavyopanda kwenye nguzo, la sivyo siku moja utaegemea mti wa mkaratusi na kukuta umebaki ganda. Wanaochimbia nguzo mpya huipaka kwanza mafuta machafu ya gari, au huichoma ncha kwa moto mpaka ishike weusi. Paa la nyasi nalo lina mlezi wake, ambaye ni moshi: jiko likiwaka chini kila siku, wadudu hawakai. Nyumba ya nyasi iliyoachwa bila moto huoza haraka kuliko inayokaliwa. Hata mabati, ambayo kijana wetu anayaona kuwa mwisho wa matatizo, yana madai yake. Upepo wa bondeni huyanyanyua, msumari hulegea, tundu lake huvuja, na mtu hupanda juu asubuhi na mapema kabla hayajawaka joto, mfukoni ana vipande vya mpira wa tairi.

Nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu ndiyo elimu yenyewe. Hakuna shule inayoyafundisha, na mwenye kuyajua haitwi msomi.

Sasa nirudi kwa yule aliyechoka. Anayo haki ya kuuliza swali lake, maana bonde hili limeona mengi. Mwezi wa kumi 1996 vita vilianzia huku, hospitali ya Lemera kule mlimani ikashambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani, na kabla ya mwezi kwisha Uvira ilikuwa imeanguka. Mwaka 1998 vikaja vingine. Mwaka 2014, usiku wa tarehe 6 mwezi wa sita, watu wa Mutarule, majirani zetu wa bondeni, waliuawa, baadhi yao wakiwa ibadani. Mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoanguka, askari waliokimbia walishuka njia hii, na familia zikaivuka Ruzizi kwenda Burundi. Wengine maji yaliwachukua, wengine walifika wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo vita vilishuka tena, vikapita Sange, vikafika Uvira. Mtu aliyekimbia na kurudi, akakimbia na kurudi, akakuta mlango umeng'olewa na mabati yamebebwa, ukimwambia habari ya kusiriba anaweza kukujibu kwa ukali. Nami nitanyamaza mbele yake.

Lakini nimeona wanavyofanya wakirudi. Kabla ya kuuliza habari za mkutano wa wakubwa, kabla ya kujiandikisha kwenye orodha yoyote, mtu huchukua ufagio. Hufagia chumba kimoja, kile watakacholala. Majani hung'olewa mlangoni. Kesho yake hutafutwa udongo wa kuziba pale palipotobolewa. Wanasiasa huiita hali hiyo kurejea kwa utulivu na huihesabu kuwa ni yao. Ukweli ni kwamba wanarejea bila utulivu, na ufagio ndio unaotangulia. Hakuna aliyewaahidi kwamba hawatakimbia tena. Wanajua kabisa kwamba huenda wakakimbia. Wanafagia wakijua.

Hapo ndipo ninapoiona imani. Mara nyingi tumefundishwa imani kuwa ni uhakika wa kesho: amini, na nyumba yako haitatikisika. Wanaorudi Sange wana imani iliyo ngumu kuliko hiyo. Hawana uhakika wa kesho, na bado wanaipa leo haki yake. Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli, watu waliokuwa na kila sababu ya kukaa juu ya mizigo yao wakisubiri, akawaagiza wajenge nyumba na wakae ndani yake, wapande bustani, waoze watoto wao. Ni agizo la ajabu kwa mtu aliye uhamishoni. Mama wa Sange analitimiza katika nchi yake mwenyewe, mara nyingi bila kujua kwamba limeandikwa.

Na kuna tarehe 2 mwezi wa saba 2010, ambayo kila mtu wa hapa anaijua. Ilikuwa Ijumaa. Gari la mafuta lilipinduka kwenye barabara kuu, Njia ya Taifa namba 5, katikati ya makazi. Watu walisogea, wengine wakichota mafuta yaliyomwagika, wengine wakiwa kwenye vibanda vya video wakitazama robo fainali ya Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka ulikwenda kwenye nyumba za udongo na nyasi zilizoshikana kando ya njia. Zaidi ya watu 230 walikufa. Wengi hawakuweza kutambuliwa, wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja. Serikali ilitangaza siku mbili za maombolezo ya taifa, na baada ya siku mbili taifa likaendelea na shughuli zake.

Sange haikuendelea na shughuli zake. Ilibaki na familia zilizopoteza watu wanne, watano, kwa jioni moja. Na ilibaki na viwanja vyeusi. Sitaki kusema kwamba kujenga upya kuliponya kitu. Kuna waliojenga huku wanalia na wakamaliza huku wanalia. Ninalosema ni dogo: viwanja vile vilifagiliwa. Mtu alizoa majivu ya nyumba yake, akachimba udongo, akaita watoto waliobaki waje kukanyaga. Barabara iliyoleta moto ndiyo ileile inayoleta simenti, misumari na yale mafuta machafu ya kupaka nguzo, na watu walijenga tena karibu nayo, kwa sababu soko liko hapo na riziki iko hapo. Kwa hili la mwisho nitasema wazi kwamba wenye madaraka walitakiwa kufanya zaidi: kuweka nafasi kati ya barabara na makazi, kuweka maji na watu wa kuzima moto. Imani ya mama mwenye ufagio haimwondolei mtu wa ofisini wajibu wake hata kidogo.

Mwaka huohuo wa 2010, miezi mitatu na nusu kabla ya Sange kuungua, Kampala nako kuliwaka. Tarehe 16 mwezi wa tatu, Muzibu Azaala Mpanga, jumba kuu la makaburi ya Kasubi wanamolala Makabaka wanne wa Buganda, liliteketea. Lilijengwa 1882, na UNESCO iliyaingiza makaburi hayo kwenye urithi wa dunia 2001. Jumba lile lilikuwa la miti, matete na nyasi, yaani vitu vilevile vya nyumba ya bibi yangu na ya bibi yako. Lilisimama zaidi ya miaka 120 kwa sababu halikuachwa. Ukoo wa Ngeye ndio wenye kazi ya kuezeka, na ni wao peke yao. Baba alimfundisha mwana kufunga nyasi, mwana akamfundisha mjukuu. Nyasi zile za 1882 zilikuwa zimeondoka siku nyingi, zimeoza na kubadilishwa, na hakuna Mganda aliyesema kwamba nyumba ile si ileile. Baada ya moto walijenga upya, polepole, kwa ugomvi na kwa subira, na 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Kule Mali, katika mji wa Djenné, kuna msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa 1907. Ungeweza kuyeyuka zamani. Haukuyeyuka kwa sababu kila mwaka mji mzima hutoka kuusiriba. Wanawake hubeba maji, vijana hukimbia na vikapu vya udongo huku ngoma zinapigwa, mafundi hupanda kwenye vigingi vya miti vilivyochomoza ukutani, ambavyo viliwekwa makusudi kwa kazi hiyo. Waliojenga walijua tangu mwanzo kwamba nyumba ya Mungu itahitaji watu wa kuipanda kila mwaka, wakawaachia ngazi. Siku ya kusiriba ni sikukuu, na mtoto wa Djenné huisubiri.

Sasa itazame Zanzibar. Sultani Barghash alijenga Beit al Ajaib 1883, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, jumba refu lililoitisha Afrika Mashariki yote. Hiyo ndiyo nyumba ya kudumu ambayo kijana wetu anaiota. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 2020, likiwa kwenye ukarabati uliochelewa mno, upande mkubwa wa jumba pamoja na mnara wake uliporomoka na kuua watu wawili. Chumvi ya bahari na maji ya mvua havikujali kwamba ni jumba la sultani. Sisemi haya kuwacheka Wazanzibari, ambao wengi wao walililia jengo lile kama msiba wa nyumbani. Nasema ili kijana ajue kwamba nyumba ya kudumu nayo ina mwaka wake. Udongo una heshima moja ambayo saruji haina: hukuambia mapema. Ukuta wa udongo huonyesha kidonda chake mwezi huohuo, ungali na uwezo wa kukiziba kwa ndoo moja.

Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila methali hiyo inazungumza kwa lugha ya hofu ya gharama, na hofu peke yake haiwezi kumtoa mtu kitandani mwaka wa ishirini. Kinachomtoa ni raha. Ipo raha ya kujua nyumba yako inapolia: kona ipi huvuja mvua ikitoka kusini, ubao upi wa mlango huvimba. Ipo raha ya harufu ya udongo mbichi chumbani usiku wa kwanza baada ya kusiriba. Ipo raha ya mgeni anayesimama mlangoni na kusema, "Mama, mmependeza!" akimaanisha kuta. Katika kumaliza, furaha huja mara moja na kuondoka. Katika kutunza, hurudi kila mwaka, na kila ikirudi hukuta mikono iliyoongezeka ujuzi.

Mimi ni mtu wa kanisa, na niseme na wenzangu. Makanisa yetu ya bonde hili, CEPAC na ndugu zake Wapentekoste, parokia za jimbo la Uvira, na mengine mengi, yanapenda sana kuweka jiwe la msingi. Michango hupigwa, simenti huja, askofu au mchungaji mkuu hufika na picha hupigwa. Sijasikia sadaka ikiombwa kwa ajili ya kubadilisha mabati yaliyotoboka. Na jirani na hekalu hilo jipya anakaa mjane ambaye ukuta wake umeliwa mpaka fito zinaonekana, naye ndiye anayelifagia hekalu kila Jumamosi. Tusome tena Nehemia sura ya tatu, ile ambayo wahubiri huiruka kwa sababu ni orodha ya majina tu. Ni orodha ya watu waliokarabati. Wamo wafua dhahabu, wamo wachanganya manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Yumo Shalumu pamoja na binti zake. Wengi wanatajwa kwamba kila mmoja alifanya upande ulioelekea nyumba yake mwenyewe. Na wametajwa pia wakuu wa Tekoa waliokataa kuinama kwenye kazi. Roho aliona vema kuyahifadhi majina hayo yote, aliyeinama na aliyekataa.

Tarehe 18 mwezi wa nane 2024, Kardinali Fridolin Ambongo alikuwa Uvira kuwatangaza wenyeheri wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1964. Mmoja wao, Vittorio Faccin, alikuwa bruda. Hakuwa na mimbari, na katika misheni zetu mabruda ndio waliojulikana kwa kazi za mikono. Nilifurahi sana kwamba altare ya Uvira ina nafasi kwa mtu wa namna hiyo. Na Waislamu wa Uvira, ambao wamefundishwa usafi kuwa sehemu ya imani tangu wangali watoto wa chuoni, hawatashangaa nikisema kwamba kufagia ua alfajiri ni jambo la dini.

Ila hapa lazima tuseme jambo ambalo wanaume tunalikwepa. Tukiusifu ufagio, tuangalie nani ameushika. Kwa muda mrefu kazi ya kujenga, yenye jina, imekuwa ya mwanamume, na kazi ya kutunza, isiyo na jina, imekuwa ya mwanamke. Baba alisimamisha nguzo miaka kumi iliyopita na nyumba ikaitwa yake; mama ameisiriba kila mwaka tangu hapo, na nyumba ikaendelea kuitwa ya baba. Akifa mume, kuna shemeji wanaokuja kudai kiwanja kana kwamba kuta zilijishika zenyewe. Furaha ninayoizungumzia haiwezi kuwa furaha ikiwa mmoja anabeba bidoni nane na mwingine amekaa chini ya mwembe akisifu imani. Mikono ya mwanamume inafaa kwa udongo. Nimeona akina baba wanaokanda pamoja na wake zao mwezi wa saba, na watoto wao hawatausahau mwezi huo.

Kuna pia ambapo utunzaji wa nyumba moja hautoshi, na imani ikikataa kuona hilo inakuwa ukaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na makumi ya maelfu ya watu walibaki bila makazi. Miongoni mwa nyumba zile zilikuwamo zilizosiribwa vizuri kuliko zote mjini. Mto haukuuliza. Baadaye ziwa lenyewe lilipanda, Tanganyika ambayo mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Likaingia barabarani, likaingia vyumbani, na 2024 likarudi. Milima iliyonyolewa miti hushusha maji kwa kasi, na nyumba zilizojengwa kwenye mkondo huyapokea. Kwa hiyo anayependa ukuta wake lazima apende na mteremko ulio juu yake: apande miti, azibue mfereji wa jirani, akatae kuuziwa kiwanja kandokando ya mto hata kama bei ni nzuri. Na pale ambapo hapakaliki, kuhama si kukosa imani. Utabeba ujuzi wako, na udongo upo huko pia.

Mashirika yanayotusaidia nayashukuru, lakini yana tabia moja ya kuhesabu nyumba zilizojengwa. Siku ya kukabidhi funguo kuna hotuba. Mwaka wa tano, mchwa wakiwa wamefika kwenye mtambaapanya, hakuna gari linalokuja. Laiti fungu dogo la kila mradi lingewekwa kwa ajili ya miaka inayofuata: misumari, lami ya kuziba matundu, miche ya miti ya kujengea, na malipo kwa wale mama mafundi wawafundishe wasichana na wavulana. Sisi wenyewe tunaweza kuanza kabla yao. Likelemba, vikundi vyetu vya kuchangiana kwa zamu, tunazo tayari. Nyingi huchangia misiba na biashara, na zinaweza kutenga zamu ya mabati, leo kwako, mwezi ujao kwangu.

Tunayo pia salongo, kazi ya pamoja tuliyoirithi enzi za Mobutu. Wengi wanaichukia kwa sababu walilazimishwa, na kwa sababu imebaki kuwa kufyeka majani mbele ya ofisi wakati mkuu anapotarajiwa. Ningependa wakuu wa mitaa ya Sange, pamoja na wachungaji, mapadre na maimamu, waigeuze. Jumamosi za mwezi wa sita na wa saba, salongo ianzie kwenye nyumba za wajane, za wazee wasio na watoto, na za waliorudi kutoka ng'ambo ya Ruzizi wakakuta nyumba bila mlango. Kila kaya ilete bidoni moja ya maji na jozi moja ya miguu. Mwalimu alete darasa lake likanyage. Mama anayejua udongo awe ndiye mkuu wa kazi, na chifu amsikilize yeye akisema mchanga umezidi. Nyumba nne au tano kwa Jumamosi zinawezekana kabisa, zikipigwa tabaka la kwanza wiki hii na la pili wiki inayofuata. Na isicheleweshwe, kwa sababu tabaka la pili linahitaji siku za jua kushika, na mwezi wa tisa mawingu ya milima ya Itombwe huanza kushuka.